Bado Linatafuna

Niliinunua kwa bei ya baiskeli,
mashua ya marehemu Oddleiv, futi ishirini na nane,
imelalia ubavu nyuma ya banda la kukaushia chewa,
theluji imejaa ndani kama sukari bakulini.
Binti yake, Synnøve, alitaka kuichoma
kwenye moto wa mkesha wa Yohana, mwezi wa sita,
kama huku wanavyochoma vyombo visivyo na mwenyewe.
"Chukua," alisema. "Lakini injini imeganda,
na baba hakuwahi kutengeneza kitu kikatengenezeka."

Mimi si seremala.
Miaka thelathini na mmoja nimeng'oa na kuziba meno
katika kisiwa cha watu mia nane na ushei;
nawajua kwa vinywa kabla ya majina.
Nilistaafu na vyombo vyangu katika sanduku la chuma,
na kichokoo kile chembamba, chenye ncha iliyopinda,
ndicho nilichoanzia kazi.
Nikauchoma ubao wa kwanza: mgumu. Wa pili: mgumu.
Wa tatu kikazama hadi vidoleni
na harufu ikatoka, ile ile,
ya jino lililooza chini ya kofia ya dhahabu.

Januari huku hakuna jua.
Taa moja juu ya waya, jiko la mafuta linalopasha goti moja tu.
Nilibandua rangi: nyeupe, chini yake kijani,
chini ya kijani buluu kali, ya mtu aliyekuwa akioa,
kisha mbao zenyewe, za njano, zikiuonea haya mwanga.
Bandu bandu. Gogo halikuisha; uliisha mkono.
Mataruma manne niliyatoa. Mapya nikayapinda kwa mvuke
wa birika la chai na kipande cha bomba la plastiki;
la kwanza likavunjika kwa mlio wa taya,
nikaketi juu ya ndoo nikala mkate bila kunawa.

Aslaug, jirani, alikuja kila Jumanne kunionyesha ninavyokosea.
"Msumari wa shaba, si wa chuma."
"Pamba usiishindilie kama mwenye hasira."
Nina hasira.
"Basi ngoja Alhamisi."

Mwezi wa tatu nikafika kwenye kibati.
Ubavuni, kwa ndani, kinyume na kanuni zote,
kipande cha kopo la kahawa kimepigiliwa
kwa misumari kumi na saba, hakuna ulionyooka,
na lami imepakwa kwa kidole. Alama ya kidole ipo.
Nilicheka hadi Aslaug akapanda ngazi kutazama.
Yeye hakucheka.
"Hicho ni cha mwaka wa dhoruba. Synnøve alikuwa hajaanza shule."

Nikamwona Oddleiv kwenye kiti changu,
kinywa wazi, gego la chini kushoto limeliwa nusu.
Nikamwambia ling'olewe.
Akafunga kinywa, akavaa kofia yake ya sufu.
"Bado linatafuna," akasema,
akaondoka bila kulipa. Ijumaa akaniletea chewa wawili.
Alizikwa nalo.

Siku tatu nilitembea na koleo mfukoni.
Ya nne nikalirudisha sandukuni.

Mwezi wa tano tukaishusha majini, bila injini;
injini ni ya mwakani.
Ikaelea. Kisha ikaanza kunywa
kwa kila mshono wangu, kila pamba niliyoishindilia
Jumatano, nisingoje Alhamisi.
"Mbao zina kiu," Aslaug alisema kutoka gatini.
"Zitakunywa, zitavimba, zitafumba. Wewe fua maji."
Nikafua usiku kucha, usiku usiojua giza,
ndoo baada ya ndoo, nikiisema ile ya wahenga:
ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hawakusema mara ngapi, wala kwa mikono ya nani.

Saa tisa nikainama kwenye kibati.
Kulia kwake mshono wangu ukitoa machozi.
Kushoto kwake mshono wangu ukitoa machozi.
Nikaweka kidole juu ya alama ya kidole.
Pakavu.